Kilikuwa Kimelala Mfupani

Lusekelo,

Mimi nimetimiza miaka themanini na mbili, na meno yangu kumi na moja bado yapo kazini. Nimemwona Mwingereza akifungasha vitu vyake. Nimewaona mameneja saba wa shamba la chai wakija wembamba na kuondoka na vitambi. Nimeona kiwanda kikifungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena. Nimezika wake wawili. Panga langu la kupogolea nililinoa mpaka likawa jembamba kama jani la mchaichai, likakatika, mimi nipo. Na wewe nimekupita, wewe uliyekuwa na kifua kama mlango wa kanisa. Kwa miaka thelathini na minne niliyopogoa chai hakuna mtu aliyefika mwisho wa mstari kabla yangu. Unalijua. Kuanzia Lufingo mpaka Nkunga wanalijua.

Nimeanza na hayo ili usidhani anayekuandikia ni mzee aliyelainika. Sijalainika. Nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni yako.

Barua naiandika kwa mkono wangu. Tusekile binti yako alitaka nitamke, yeye aandike kwenye simu, nikakataa. Kusoma tulifundishwa pamoja, elimu ya watu wazima, benchi moja, na ni wewe uliyekuwa unachungulia daftari langu, si mimi lako. Herufi zangu zinakwenda polepole kama mtu anayepanda Rungwe na mzigo, ila zinafika.

Habari za kwako ni hizi. Mwanao ameng'oa nusu ya migomba yako amepanda maparachichi. Nilimwambia kwamba ungemchapa, akanijibu kwa adabu kwamba baba hayupo, na kweli hupo. Mama Tusekile magoti yanamsumbua lakini ulimi ni mzima. Ule mti wa mjohoro uliokuwa unakaa chini yake umeangushwa na upepo, tukaupasua kuni. Kiti chako nimekichukua mimi. Hakuna aliyenipa, nimekichukua. Kinalia upande mmoja kama kilivyokuwa kinalia.

Sasa lenyewe.

Wiki mbili kabla ya siku ya kujengea kaburi lako, Tusekile alikuja kutengeneza mambo. Unajua kazi yake, anakaa maabara ya hospitali, anatazama vipande vya nyama za watu kwenye hadubini, anasema hii ina kansa, hii haina. Ulikuwa unajivuna kwa ajili yake mpaka tunakunyamazisha. Basi nilikwenda kumsalimia, tukapewa chai, na katika mazungumzo nikamwambia yale ninayomwambia kila mtu tangu ulipoondoka: baba yako aliponywa Mbeya, halafu mtu akamrudishia ile kansa.

Aliweka kikombe chini. Akasema, "Baba mkubwa, hakuna aliyemrudishia. Haikuwa imeondoka."

Wewe mwenyewe unakumbuka tulivyokwenda Mbeya. Mkojo ulikuwa umekataa kutoka, ukawa unatembea umejikunja kama mchumaji aliyevaa kikapu mbele badala ya mgongoni. Nikakucheka njia nzima ili usilie. Wakakuta kansa kwenye tezi dume. Wakakata, wakakupa na dawa, na baada ya muda daktari akatazama karatasi ya damu akasema haoni kitu, ila uwe unarudi kupimwa. Nilikuwepo, nimekaa pembeni, kofia magotini. Nilisikia kwamba haoni kitu. Hilo la kurudi nililisikia kama mtu anavyosikia mvua ya upande wa pili wa mlima. Tulipotoka nje nikakuambia kilichokatwa kimekatwa, mimi ni mtu wa panga, najua. Ukacheka, ukasema, "Fundi amesema." Ukaenda kupimwa mara tatu, halafu ukaacha. Kwa nini uende? Ulikuwa unapanda kilima na mkungu begani.

Miaka minne ikapita hivyo. Mizuri. Sitaki kusema haikuwa mizuri.

Kisha wakaja ng'ombe wa mahari ya Tusekile, ukachinja dume kwa ajili yetu sisi rika lako, kama inavyotakiwa. Hilo hukuwa mtu wa kulikwepa. Ukwangala, walivyouita baba zetu, kukaa pamoja na kula pamoja na kutukanana bila kuumizana, ndio ulikuwa utajiri wako. Tulikaa kwenye nyasi nyuma ya nyumba, majani ya mgomba yametandikwa, pombe ya komoni inazunguka. Na kila mtu alipata fungu lake. Ambakisye alipata shingo.

Ambakisye, wa tatu wetu. Aliyepogoa mstari wa kushoto wakati wewe uko katikati na mimi kulia, miaka yote ile. Mtu wa umri wake, wa kazi yake, alistahili ubavu. Alilitazama fungu lake, akalifunika kwa jani, akasimama. Akasema, "Utaikumbuka nyama hii." Akaondoka, na nyama ikabaki pale, na mbwa wako wakaila.

Kabla mvua za msimu ule hazijakwisha, mgongo ukaanza kukuuma.

Unakumbuka nani alisema? Mimi. Nilisimama mbele ya watu uani kwako, nikasema kilichokwisha hakirudi chenyewe, hurudishwa. Daktari alitazama damu hakuona kitu. Sasa kitu kimetoka wapi? Nikawakumbusha baba zetu walivyokuwa wakisema, kwamba watu wakimnung'unikia mwenzao, pumzi zao zinampiga kama baridi ya alfajiri, na anaugua. Nikauliza ni nani aliyeondoka kwenye nyama ya Lusekelo akinung'unika. Sikumtaja. Sikuhitaji. Vichwa vyote viligeuka kwake.

Tukamtaka ateme maji ardhini, aseme kinyongo kimekwisha, ili wewe upone. Akakishika kikombe, akakitazama, akakirudisha. Alisema hivi, na nilimcheka: "Siwezi kutema nisichokuwa nacho."

Tusekile alikuwa anapiga simu kutoka mbali, anasema baba apelekwe Mbeya, apelekwe leo. Simu nilichukua mimi kutoka kwa mama yake. Nikamwambia mwanangu, hili si la Mbeya, hili ni la hapa hapa. Na kwa kuwa mimi ni mimi, wakanisikiliza. Miezi minne, Lusekelo. Miezi minne tulikaa tukimsubiri mtu mmoja ateme maji, na wewe miguu yako inakufa kidogo kidogo, kwanza vidole, halafu nyayo, halafu magoti. Tulipokupeleka Mbeya ulikuwa unabebwa kwenye blanketi kama gunia.

Na Ambakisye akawa hana wa kula naye. Akija kwenye komoni, watu wanakumbuka kazi nyumbani. Akikaa kwenye benchi kanisani, benchi linabaki lake. Mwishowe akahamia Nkunga kwa binti yake. Nami nikasema umeona, mwenye hatia hukimbia.

Wewe ulisema neno moja. Siku ile ya Alhamisi nilipokuwa nakulisha mbalaga, ndizi zimepondwa laini kama za mtoto, ulinishika mkono ukasema, "Mwite Ambakisye nile naye." Nikatoka nje nikawaambia watu, mwenyewe anaomba aitwe, maana yake anajua ni yeye. Sikumwita. Nilisubiri kwanza akiri.

Alikuja kukuzika bila kuitwa. Alitembea kutoka Nkunga na mvua mgongoni. Walipofika kwenye kutupa udongo, akainama akachukua konzi yake, na mimi nikamshika kifundo cha mkono mbele ya mchungaji na watu wote. Nikakibana mpaka udongo ukamwagika kwenye viatu vyake. Hakunipiga. Nilitaka anipige. Aligeuka akarudi alikotoka, na sisi tukaendelea kuimba.

Hayo yote Tusekile anayajua. Ndiyo maana aliweka kikombe chini.

Akaniambia hivi, na alinieleza mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza nilikuwa nabishana. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo ambavyo jicho halivioni. Kansa ni seli iliyokataa amri, inajigawa hovyo na kuzaa zinazofanana nayo. Hayo nilikuwa nayajua, nilimwambia. Hukuyajua, alisema, ila endelea kunisikiliza. Mambo ambayo wataalamu wameyaona vizuri zaidi miaka hii ya karibuni ni kwamba seli chache zinaweza kutoroka mapema sana, hata kabla uvimbe haujaonekana na daktari yeyote. Zinasafiri kwenye damu, zinakwenda kujificha, na kwa kansa ya tezi dume mahali pake pakubwa ni mifupa, ndani kwenye uboho. Zikifika pale hazifanyi kitu. Zinalala. Panga la daktari haliko huko. Dawa nyingi huwinda seli zinazojigawa haraka, na iliyolala haijigawi, basi dawa inapita mlangoni kwake kama askari anayepita nyumba isiyo na taa. Na kipimo cha damu kinaweza kusema hakuna kitu, na kisiwe kimedanganya, maana aliyelala hapigi kelele.

Alinionyesha picha kwenye simu. Mfupa wa panya, alisema, uliokatwa mwembamba kuliko karatasi. Nukta za buluu nyingi kama mchanga, na katikati yake moja tu ya kijani, peke yake. Nikaitazama muda mrefu. Hicho kidogo hivyo, Lusekelo. Nilikuwa natafuta mtu mwenye miguu miwili.

Nikamuuliza, nani huiamsha? Maana sikuwa nimeshindwa bado. Akasema wanalitafuta jibu hilo duniani kote na hawajalimaliza. Wameona kwamba seli zilizo jirani yake ndani ya mfupa huitumia ishara, ishara nyingine za kuilaza, nyingine za kuiamsha.

Nikapiga goti langu kwa furaha. Nikamwambia, umesema mwenyewe, ni majirani.

Alicheka, na alipocheka alikuwa wewe mtupu. Akasema, "Majirani wa seli, baba mkubwa. Siyo majirani wa hapa Lupepo."

Mama yake naye akacheka jikoni, na mimi nikanuna. Ndipo binti yako, mtoto niliyembeba mgongoni, akanifanyia ukatili. Aliniuliza kwa upole kama mwanafunzi. Mkishaupogoa mti wa chai mpaka magotini, hauna hata jani, majani mapya yanatoka wapi?

Na mimi mjinga nikajivuna. Nikamwambia hapo sasa amemuuliza fundi mwenyewe. Nikamweleza kwamba ndani ya mti mzee, chini ya gamba, kuna macho ya kuchipua yamelala tangu mti ukiwa mchanga, huyaoni, ukipasua mti huyapati, yanaweza kulala miaka na miaka. Unakata juu, unaacha tawi moja la kupumulia, unaondoka, mti unaonekana kuni tupu. Wageni wote wanasema umeuua. Kisha yale macho yanafunguka, na kabla ya miezi mitatu kilima kimerudi kijani.

"Na hayo macho nani anayarudisha?" aliniuliza.

Nikasema hakuna anayeyarudisha, yalikuwa humo humo.

Nikajisikia nikisema hivyo. Chai yangu ikapoa mkononi.

Miaka thelathini na minne. Mtu mwingine angeweza kukosea, mkulima wa viazi, dereva, mwalimu. Mimi siyo. Mimi ndiye niliyepaswa kusimama uani kwako niseme, jamani, kukatwa si kwisha, nimeona maisha yangu yote, mrudisheni mtu Mbeya wakamtazame. Nilikuwa na jibu mkononi, mikono hii yenye sugu, na nilichokisema ni pumzi ya watu.

Tusekile hakunidanganya kunifariji. Alisema hawezi kuniapia kwamba kwako ilikuwa hivyo hasa, hakuna aliyefungua mifupa yako akatazama, lakini kwa jinsi ulivyokwenda ndivyo anavyoamini. Nikamuuliza kama ile miezi minne ingekuponya. Akasema pengine isingekuponya. Ila mgongo ungewahiwa, ungepigwa mionzi, na miguu ungeweza kubaki nayo. Akasema, "Angekufa akitembea." Halafu akaenda kuosha vikombe, na hakurudi mpaka nilipoondoka.

Akaniambia pia, siku nyingine, wanachokifanya sasa huko kwenye maabara kubwa. Wengine wanatafuta dawa ya kuzifanya zile seli zilale milele, mtu afe kwa uzee nazo zikiwa usingizini. Wengine wanataka kuziamsha makusudi ili dawa izipige zikiwa macho. Wanabishana. Mimi nilisema wa kwanza wana akili, wa pili ni vijana. Unaona? Hata hapo sikuweza kufunga mdomo. Na uchungu wake ni huu, kwamba watu wanayajua hayo sasa, yako kwenye simu ya mtoto, na wewe uko chini ya migomba. Elimu inapanda huku kwetu kama lori bovu, inafika msiba umekwisha.

Nilikaa siku nne. Siku ya tano nikaenda Nkunga.

Nilimkuta Ambakisye nje ya nyumba ya binti yake, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Amekonda. Mgongo wake bado umenyooka, na hilo liliniudhi, maana wangu umepinda. Nikamsalimu, mwagonile, akaitikia kama mtu anavyomwitikia mpita njia. Hakunipa kiti. Nikasimama, nikaanza kumweleza habari za seli na mfupa na panya na nukta ya kijani, nikamweleza vizuri, karibu kama Tusekile. Nilidhani atashangaa. Nilidhani atashukuru, Lusekelo! Nilikwenda pale kama mtu anayepeleka zawadi.

Aliniacha nimalize. Akasema, "Mimi sikuhitaji hadubini kujua kwamba sikumuua Lusekelo."

Akaendelea kupukuchua. Baadaye, bila kuninyanyulia macho, akasema siku ile ya nyama hakuwa anakuambia wewe. Wewe ulikuwa umekaa mbali, unacheka na wakwe. Alikuwa anamwambia aliyeshika kisu.

Na nani aligawa ile nyama? Nimeandika barua yote hii mpaka hapa sijalisema. Mimi niligawa. Nyama kwako siku zote niligawa mimi, fundi. Nilipofika kwenye fungu la Ambakisye niliuona ubavu na niliiona shingo, na mkono wangu ulijua unachofanya. Kwa hiyo aliniambia mimi utaikumbuka, na kweli nimeikumbuka. Hakukosea hata neno.

Nilimwomba aje siku ya kujengea kaburi. Akasema atakuja kwa sharti moja. Nilisema mbele za watu, basi niseme mbele za watu, mahali pale pale, nikiwa nimesimama. Nikamwambia mimi ni mzee, nina miaka themanini na mbili, sijawahi kusimama kujishtaki mbele ya vijana. Akasema yeye ana themanini na moja, na alisimamishwa.

Siku yenyewe mvua ilituhurumia. Mafundi walimaliza saruji mapema, mchungaji akaomba, watu wakakaa kula uani. Ambakisye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kibaraza, peke yake, hajagusa sahani. Nikasimama. Nikawaambia kilichomuua Lusekelo kilikuwa kimelala mfupani mwake tangu kabla ya Mbeya, hakuna aliyekituma, hakuna pumzi, hakuna kinyongo. Niliyesema ni kinyongo ni mimi. Niliyezuia asipelekwe hospitali miezi minne ni mimi. Niliyegawa shingo ni mimi. Niliyemshika mtu mkono kaburini ni mimi. Vijana walikuwa wanatazama sahani zao. Mama Tusekile alikuwa ananitazama mimi, na sikuweza kumtazama.

Ambakisye akainuka, akaenda kaburini. Saruji ilikuwa imeshafunika kila mahali, akazunguka akitafuta udongo. Akaupata kwenye kona, pale mafundi walipokuwa wamechimba msingi. Akachota konzi moja, akaimwaga juu ya jina lako, polepole. Ilichafua saruji mbichi, na fundi akataka kuifuta, Tusekile akamzuia. Ipo mpaka leo. Imeganda.

Kisha Ambakisye akapita karibu nami, akasimama. Nilidhani atanipa mkono. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mimi tu niisikie, "Na mstari?"

Akasubiri kidogo, akaenda zake kula. Alikula na watu. Walimsogezea benchi.

Hapa ndipo hasira yangu kwako ilipo. Wewe ulikuwa katikati, kati yake na mimi, na uliona. Siku ile ya kilima kipya, meneja wa pili amesimama juu na kofia yake, sisi watatu tunakata. Uliona nani alifika kwanza. Nikasema Ambakisye ameruka miti, amekata vibaya, mstari wake hauhesabiki, na nyapara akaniamini kwa kuwa nilikuwa na sauti kubwa. Ukaulizwa wewe. Ukasema hukuangalia. Ulinihurumia, na huruma yako ikanipa jina la fundi, na jina likanipa kisu cha nyama, na kisu kikanipa mdomo wa kusema uani kwako kwamba kilichokwisha hurudishwa. Ungesema siku ile, Lusekelo. Neno dogo. Ningekuchukia mwezi mmoja, kisha ningekuwa mtu mwingine, na wewe pengine ungekufa ukitembea. Kile nacho kililala miaka yote ile, na wewe na mimi tulijua kilipo.

Sitaki kuandika zaidi. Mkono unauma.

Lala, mwenzangu. Ndaga fijo, asante sana, kwa komoni yote, kwa kiti, kwa kunichungulia daftari. Ninakuahidi mambo matatu ninayoyaweza. Nyama nyingine ikichinjwa, kisu atashika mtu mwingine. Mgongo wangu ukiniuma, nitapanda gari la Mbeya kabla sijafungua mdomo, na Tusekile ameshaandika namba yake kwenye ukuta wa chumba changu kwa mkaa. Na Jumamosi nitakwenda Nkunga kwa Ambakisye, akinipa kiti nitakaa, asiponipa nitasimama.

Ukitaka kujua kama nimesema kweli, wapo wa kuwauliza. Habari za seli na mfupa, shahidi wangu ni binti yako Tusekile, anayetazama seli kila siku kwenye hadubini. Niliyoyasema kaburini, mchungaji alikuwepo, na mkeo. La mstari halina shahidi tena ila mmoja, kwa kuwa wewe umekufa na nyapara amekufa. Muulize Ambakisye. Nilipoinua kichwa mwisho wa mstari, alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, panga magotini, anapangusa jasho. Alikuwa ananisubiri.